Barua ya wazi kwa vijana wa kwaya: mpinga Kristo hatafutwi kwa kikokotoo

Wanangu, Bwana asifiwe. Shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjazitoa.

Naandika nina hasira, nisiwafiche. Mwenzenu mmoja wa besi, jina silitaji, ameuza pikipiki. Pikipiki iliyokuwa inalisha nyumba nzima, kodi humo, ada ya mdogo wake humo, na hela yote kampelekea mtumishi mmoja anayefundisha usiku kwa voisi noti kwamba mpinga Kristo ameshazaliwa, kitambulisho cha taifa ndo chapa ya mnyama, na ukishaweka vidole kwenye ile mashine umekwisha. Sasa kijana laini yake ya simu imefungwa maana hakuisajili kwa kitambulisho, kazi hana, kajifungia ndani anangoja.

Nilimfuata wiki iliyopita. Chumbani kuna kiroba cha unga, dumu la mafuta ya taa, mishumaa, na daftari kubwa kajaza majina ya wakubwa wa dunia hii, pembeni mahesabu. A anaipa 6, B 12, C 18, anapanda hivyo mpaka Z 156. Akanionyesha kwa fahari kwamba computer, neno la Kiingereza, ukijumlisha inatoka 666, ile namba ya mnyama kwenye Ufunuo 13. Mimi nimefundisha hesabu shule ya msingi mpaka nikastaafu, nikamwambia lete kikokotoo (siyo kile cha pensheni, kile nacho kina mnyama wake). Ukutani kabandika bango la huyo mtumishi, maandishi mekundu, IBADA YA UPONYAJI. Nikamwambia haya, piga hilo neno la mwisho. U 126, P 96, O 90, N 84, Y 150, A 6, J 60, I 54. Akajumlisha, akafuta, akajumlisha tena. 666. Alinyamaza mpaka nikamwonea huruma.

Jamani huo sio ufunuo, ni mchezo, ukilitafuta neno la kufika hapo utalipata tu. Zamani Wayahudi na Wagiriki herufi zao ndo zilikuwa namba zao, kwa hiyo msomaji wa Ufunuo wa Yohana aliweza kukokotoa jina la mnyama, na wasomi wengi wanaona ni Nero Kaisari likiandikwa kwa herufi za Kiebrania, yule yule aliyewatesa Wakristo wa Roma. Tena kuna nakala za kale zinasoma 616, na jina hilo hilo likifuata matamshi ya Kilatini linatoa 616. Hapo kuna hesabu yenye kichwa na miguu. Hii ya A sita B kumi na mbili nani kawapa? Na msidhani nyie ndo wa kwanza kumwinda mpinga Kristo, Martin Luther wa Walutheri alisema ni Papa, wengine wakasema Napoleon wa Ufaransa, wakaja na Mussolini wa Italia, akafuata Reagan wa Marekani eti kwa sababu Ronald, Wilson na Reagan kila jina lina herufi 6. Napoleon kafa, Mussolini kafa, Reagan kazeeka akafa kitandani.

Halafu fungueni Biblia, sio klipu. Neno mpinga Kristo halimo kwenye Ufunuo hata mara moja! Limo kwenye waraka wa kwanza na wa pili wa Yohana, na pale anasema wameshakuwepo wengi, na kwamba "walitoka kwetu, lakini hawakuwa wa kwetu". Walitoka kwetu, wanangu. Hakusema watatokea ofisi ya vitambulisho. Na yule mnyama wa pili wa Ufunuo 13 ana pembe mbili kama za mwanakondoo, ukimwona unaweza kumpa maiki, ni akifungua mdomo ndo unasikia joka.

Paulo naye alikutana na haya haya. Watu wa Thesalonike walitishwa kwamba siku ya Bwana imeshafika, akawaonya wasishtushwe hata na waraka unaodhaniwa umetoka kwake, yaani fowadi feki zilikuwepo kabla ya simu. Kwenye waraka wa pili kwao, sura ya 2 anawaeleza habari za yule mtu wa kuasi, sura ya 3 anawageukia walioacha kazi na kuzurura, anawaambia asiyetaka kufanya kazi asile. Barua ni moja! Huyo mtumishi wenu sura ya 2 anaijua kwa moyo, ya 3 haifiki, maana kule wangemuuliza yeye anakula kwa jasho la nani.

Mnaona nachekesha. Kanungu, Uganda, Machi 17, 2000, watu waliingia kanisani kuisubiri mbingu wakateketea humo na watoto wao. Shakahola kule Kilifi, Kenya, 2023, wakafukua miili zaidi ya 400, watu walikaa na njaa msituni wakiambiwa wanakwenda kumwona Yesu. Na Yesu mwenyewe kwenye Mathayo 24 alishasema wakiwaambia yuko jangwani, msitoke.

Mengine nayapitisha haraka. Dawa za presha, za sukari, ARV, hakuna kuacha kwa neno la mtu yeyote. Msikope ili mpande mbegu. Mtumishi akikwambia usiwaambie wazazi, waambie wazazi siku hiyo hiyo. Vitambulisho nendeni mkachukue.

Na sisi wazee tusijifiche. Ufunuo tuliuogopa, tukawafundisha kutoa zaka na kuvaa sare, mkaja na maswali tukawaambia mtaelewa mkikua. Mkakua, akawajibu mwenye bando. Hilo ni kosa letu na mimi nimo, kwa hiyo kuanzia Jumatano hii saa kumi jioni nitakaa pale chini ya mwembe na Biblia na ubao, aje mwenye swali lolote, hata la kipuuzi.

Wewe mwenye daftari, najua wenzako watakusomea hii. Njoo nalo. Hakuna atakayekucheka, nimeshawaonya. Na Jumamosi uje mazoezini, besi kabaki mtu mmoja na ana mafua.