Barua kwa rafiki: mashine pepe zinazogombea anwani moja

Morogoro

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Sisi hatujambo, watoto wamefungua shule, na shemeji yako anakusalimu sana.

Barua yako niliipata na nikaisoma kwa makini, kwa kuwa jambo ulilolieleza ni la kumkosesha mtu usingizi. Unaiagiza Terraform, programu ya kuzalisha mashine kwa maelekezo yaliyoandikwa, ikuzalishie mashine pepe sita (kompyuta zinazoishi ndani ya seva) kutoka kwenye kiolezo kimoja cha Ubuntu 22.04 ndani ya Proxmox, mfumo unaoendesha mashine hizo, zote zinawaka bila malalamiko, kisha Ansible, programu ya kuzisanidi kwa mbali, inaingia katika mbili na kukuarifu kwamba nyingine hazifikiki. Ukirudia baada ya muda, hata zile zilizokuwa zikifikika zinapotea. Wenzako wa kitengo cha mtandao wanasema swichi ni nzima, nami nawaamini. Kwa dalili ulizozitaja, naona tatizo limo ndani ya kiolezo chenyewe: kimebeba utambulisho wake na kuwarithisha watoto wake wote.

Kabla sijafika huko, kuna jambo moja la kuliondoa njiani. Proxmox haiwezi kujua anwani ya IP iliyochukuliwa ndani ya mashine pepe mpaka iambiwe na programu ya wakala, qemu-guest-agent, ambayo lazima iwe imesakinishwa na iwe inafanya kazi ndani ya mashine hiyo. Ukiwasha kipengele cha wakala katika mipangilio huku programu yenyewe haimo katika kiolezo, Terraform itasubiri jibu lisilokuja na hatimaye itaripoti kushindwa, ilhali mashine ina anwani yake na inapitisha data vizuri. Amri ya qm guest cmd 104 network-get-interfaces, ukiweka namba ya mashine yako mahali pa 104, hulimaliza swali hilo papo hapo, kwani wakala akiwepo utaletewa orodha ya kadi za mtandao na anwani zake. Kwa kuwa umeniambia Terraform inakupa anwani na Ansible inazitumia, wakala wako ni mzima na tunaweza kuendelea.

Sasa fungua konsoli za mashine mbili kati ya zile sita. Usipitie SSH, yaani kuingia kwa mbali kupitia mtandao, maana kwa sasa huwezi kuwa na hakika ni mashine ipi inayokujibu. Katika kila moja andika ip -4 addr. Usipoona anwani yoyote, kagua kama namba ya VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya mtandao mkubwa) uliyoiandika kwenye kadi ni sahihi, kama vmbr0, daraja la mtandao la Proxmox, imewekwa itambue VLAN, na kama mlango wa swichi unaoingia kwenye seva unaipitisha VLAN hiyo. Ukiona anwani ileile katika mashine zote mbili, kama ninavyotarajia, basi hapo ndipo penye kazi.

Wengi hushangaa wakifika hapa, kwa sababu Proxmox huipa kila nakala anwani mpya ya MAC, yaani namba ya kadi ya mtandao, na sote tulifundishwa kwamba seva ya DHCP, ile inayogawa anwani za IP, humtambua mteja kwa MAC. Lakini kanuni za DHCP, yaani RFC 2131 ya mwaka 1997, zinaelekeza kwamba mteja akituma kitambulisho chake mwenyewe, seva itumie hicho. Huduma ya systemd-networkd, ambayo ndiyo inayosimamia mtandao chini ya Netplan (chombo cha kuandikia mipangilio ya mtandao) katika Ubuntu ya seva, hutuma kitambulisho cha namna hiyo, na hukitengeneza kutokana na namba iliyomo katika faili la /etc/machine-id pamoja na jina la kadi. Kadi katika mashine zako zote inaitwa ens18, na machine-id ilizaliwa mara moja tu, siku mfumo wa kiolezo ulipowashwa, ikanakiliwa kila mahali. Mbele ya seva ya DHCP, mashine sita zinakuwa kama mgeni mmoja wa nyumba ya wageni anayerudi mapokezi mara sita kuomba ufunguo wa chumba chake, naye mhudumu hana sababu ya kumnyima. Kisha majirani kwenye mtandao huona anwani moja ikidaiwa na MAC hii, mara na MAC ile. Ukitazama ip neigh kwenye mashine unayotumia kuendeshea Ansible utaona MAC ikibadilika, na ndiyo maana zinazofikika leo hazifikiki kesho.

Usinikubalie kwa maneno tu. Kwenye seva ya Proxmox endesha tcpdump -vni tap104i0 port 67 or port 68, amri inayonasa data zinazopita, kisha uiwashe upya mashine ya 104. Tap104i0 ni ule upande wa waya wake ulioko nje ya mashine. Katika ombi la DHCP tafuta mstari wa Client-ID, yaani kile kitambulisho cha mteja. Utaona hardware-type 255, kisha jozi nne za tarakimu zinazotokana na jina la kadi, kisha 00:02:00:00:ab:11, ambayo ni alama iliyosajiliwa ya systemd, na mwishoni jozi nane zinazotokana na machine-id. Fanya vivyo hivyo kwa mashine ya pili. Mistari miwili ikilingana mwanzo hadi mwisho, ushahidi umekamilika, na wenzako wa swichi waachwe wapumzike.

Tiba yake hufanywa ndani ya kiolezo kabla ya kukifunga. Futa yaliyomo katika /etc/machine-id kwa amri ya truncate -s 0, lakini faili lenyewe libaki, kwa kuwa systemd ikilikuta tupu wakati wa kuwaka hulijaza namba mpya. Hakikisha /var/lib/dbus/machine-id ni kiungo kinachoelekea kwenye faili hilo na si nakala yenye namba ya zamani. Endesha cloud-init clean --logs ili cloud-init, programu inayoisanidi mashine inapowaka mara ya kwanza, isahau kwamba iliwahi kufanya kazi, futa funguo za seva ya SSH zilizomo /etc/ssh, kwani nazo zimerithiwa, kisha uizime mashine na kuigeuza kiolezo bila kuiwasha tena. Hilo la mwisho nalisisitiza sana. Diski zilizo tayari ambazo Canonical, watengenezaji wa Ubuntu, huzitoa huja na machine-id tupu. Watu huziwasha kidogo ili wasakinishe wakala, na katika kuwaka huko namba huzaliwa.

Utasikia pia ushauri wa kuandika dhcp-identifier: mac katika Netplan. Unafanya kazi, na mahali ambapo anwani zimetengwa kwa MAC kwenye seva ya DHCP huenda likawa jambo la lazima. Hata hivyo nisingependa uutumie badala ya kusafisha machine-id, kwa sababu kumbukumbu za mfumo na programu nyingine huitegemea namba hiyo kuitofautisha mashine moja na nyingine.

Kama kiolezo chako ulikisakinisha kwa mkono kutoka kwenye ISO (faili la diski ya usakinishaji), angalia jambo jingine. Kisakinishi cha toleo hilo huacha faili la subiquity-disable-cloudinit-networking.cfg ndani ya /etc/cloud/cloud.cfg.d, linaloikataza cloud-init kugusa mtandao. Likibaki, anwani ya kudumu utakayoiandika katika Terraform itapuuzwa kimyakimya, na mashine itaendelea kuomba DHCP. Liondoe pamoja na 00-installer-config.yaml iliyomo /etc/netplan.

Zile sita zilizopo ningezifuta na kuzizalisha upya. Kuzitibu moja moja kunapoteza maana ya kuwa na kiolezo. Unapojaribu, zalisha angalau mbili kwa pamoja, kwa sababu mashine moja ikiwa peke yake itapata anwani na kufanya kazi vizuri hata kama kiolezo bado ni kibovu. Terraform kwa kawaida huendesha kazi hadi kumi kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukiomba mbili zitawaka karibu sawia, na hiyo ndiyo hali halisi unayotaka kuipima.

Nitumie ile mistari miwili ya Client-ID utakapoipata, ya kabla na ya baada ya kusafisha kiolezo. Kama haitalingana hata kabla ya kusafisha, niandikie pia mipangilio ya seva yenu ya DHCP, hasa ukubwa wa fungu la anwani na muda wa kuzikodisha, maana hapo nitaanza kushuku kwamba anwani zimekwisha.

Wako akupendaye