Programu ya kahawa: tuanzie kwenye mizani

Wanakikundi, habari za leo. Michoro yenu ya programu ya kufuatilia kahawa kutoka kwa mkulima hadi kwa mnunuzi nimeipitia, ni mizuri, ila mingi inaanzia kwa mnunuzi. Tuanzie kwenye mizani. Karani akishaingiza kilo za matunda mabivu, mkulima apate ujumbe papo hapo: uzito, daraja, tarehe. Hata simu ya kitochi iupokee. Mtandao ukikatika, taarifa zikae kwenye simu ya karani zitumwe baadaye. Ugomvi wa kilo huanzia hapo, kwa hiyo karani asiweze kufuta alichoandika. Akikosea, aweke sahihisho linaloonekana na wote.

Halafu ghala. Kilo 6 hivi za matunda hutoa kilo 1 tu ya kahawa safi, yaani punje zilizokaushwa na kukobolewa. Programu isipolijua hilo, kila mzigo utaonekana umeibwa!

Wanaouza Umoja wa Ulaya watahitaji pia mahali shamba lilipo, maana sheria yao inakataa kahawa ya ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Shamba lisilozidi hekta 4, nukta moja ya ramani yatosha; likizidi, mipaka yote.

Rangi na nembo tutabishana baadaye. Nani atachora upya hatua ya mizani? Ajitaje hapa kabla ya Ijumaa.