Seva ni yangu, kufuli si langu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua. Mwezi huu nimesemwa mara mbili kwa jambo lilelile, na mara zote mbili nimeonewa.

Mara ya kwanza ilikuwa kwenye shughuli ya harusi huku Makorora. Tumekaa jamvini tunachambua mchele, jirani yangu akasema bila kunitazama, "Hawa watu wa kompyuta wa maofisini wanasoma kila kitu cha mtu. Mshahara wako wanaujua, mkopo wako wanaujua." Kimya kikapita. Pale hakuna asiyejua kazi yangu. Mara ya pili ilikuwa wiki hiyohiyo, kazini. Mkuu wa idara moja aliniuliza mbele ya watu: "Wewe si ndiye admini? Admini gani anashindwa kufungua folda?"

Kazini wananiita Mama Seva. Admini ni mimi, ninayetunza kompyuta za ofisi moja hapa Tanga: watumishi sabini na kitu, jengo la zamani lenye kuta nene, na upepo wa bahari unaingiza chumvi mpaka ndani ya feni za mashine. Mashine kwetu hazidumu. Kwa ajili hiyo, miaka kadhaa nyuma, tulitumia njia ambayo Windows inayo tangu toleo la mwaka 2000: folda ya "Documents" ya kila mtumishi tukaielekeza kwenye seva, ile kompyuta kuu ya ofisi, isikae tena ndani ya kompyuta yake. Mtu anafungua kama alivyozoea, anaona vitu vyake palepale, kumbe viko chumba cha pili. Kompyuta ikifa leo, kesho anakalia nyingine na kazi yake anaikuta. Hilo silijutii.

Ninachojutia ni kisanduku kimoja. Ukipanga sera hiyo, yaani maagizo ya kuelekeza folda, kwenye seva, kuna mahali pa kuamua kama mtumiaji apewe folda yake kwa haki ya peke yake. Kisanduku hicho huja kimeshawekwa tiki. Mimi nilikipita kama tunavyopita masharti ya mikopo ya simu. Matokeo yake, folda inapozaliwa, siku mtu anapoingia mara ya kwanza, wanaoandikwa ruhusa ni wawili: yeye na mfumo wenyewe wa seva. Ruhusa za folda ya juu, ambako sisi maadmini tumeandikwa, haziteremki humo. Nikabaki na seva yenye folda sabini nisizoweza kuzifungua, na sikujua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniomba nifungue.

Aliyekulia Ngamiani hatapata shida kunielewa. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma. Bibi ndiye mwenye hati, lakini kila mpangaji alikuja na kufuli lake. Paa likivuja juu ya chumba cha mpangaji aliyesafiri, bibi hakuwa na ufunguo. Alikuwa na nyundo. Na admini wa Windows ni hivyohivyo: hata ukimfungia, anabaki na haki ya kuchukua umiliki wa folda kwa nguvu.

Msimu wa hija uliopita dada yetu wa mishahara alijaaliwa kwenda Makka. Tulimsindikiza kwa dua. Alikabidhi kazi vizuri, akakabidhi funguo za kabati, akakabidhi na mhuri. Jedwali la malimbikizo ya watumishi halikukabidhiwa, maana hakuna aliyekumbuka kwamba analo kwenye folda yake mwenyewe na si kwenye folda ya idara. Juma la pili wakaguzi wakaingia, na kitu cha kwanza walichotaka ni jedwali hilo. Simu yake ukiipata unasikia kelele za umati, "haloo, haloo", inakatika.

Nikaenda kwenye seva. Folda ikasema sina ruhusa, ikaniwekea kitufe cha kuendelea. Nikabonyeza, ikanikatalia tena. Kijana wetu wa fildi akaniambia, "Mama, mbadilishie nywila tuingie kama yeye." Ni kweli ingefunguka. Lakini seva inaandika nani kaingia na saa ngapi. Ingeandikwa kwamba dada huyu aligusa hesabu za fedha saa nne asubuhi akiwa Tanga, ilhali saa hiyo yuko Mina anarusha mawe. Nikamwambia kijana, tukifanya hivyo tumemsingizia mtu aliye kwenye ibada. Hilo ndilo la pekee nililolifanya sawasawa wiki ile.

Jumamosi, nikiwa peke yangu, nilichukua nyundo. Nikajiandika kuwa mmiliki wa folda yake na vyote vilivyomo. Kompyuta ikaniuliza: huna ruhusa ya kusoma yaliyomo, je, ruhusa zilizopo zibadilishwe kwa ruhusa zitakazokupa wewe mamlaka kamili? Nikajibu ndiyo. Msomaji, lisome swali hilo tena polepole, mimi sikulisoma. Halikuuliza kama jina langu liongezwe. Liliuliza kama yaliyoandikwa yafutwe, niwekwe mimi. Folda ikafunguka, nikatoa jedwali, nikapanda baiskeli yangu nikarudi nyumbani nimeridhika.

Akarudi Hajati na tende na vichupa vya zamzam, kila meza chake. Akakaa kwenye kiti chake, akawasha, kisha nikasikia ananiita. "Mama Seva, mbona vitu vyangu vinanikataa?" Nikaenda kusimama nyuma yake. Folda yake mwenyewe inamwambia hana ruhusa. Ikabidi nimweleze. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja: "Uliingia?"

Nilimjibu kwamba sikufungua kingine zaidi ya jedwali, na huo ni ukweli wa Mungu. Lakini majina ya mafaili niliyaona, huwezi kutafuta kimoja usione vingine. Mlikuwa na orodha ya michango ya harusi, barua ya kuomba nafuu ya mkopo, na faili lenye jina la mwanawe na neno hospitali. Hayo hayakuwa yangu kuyajua. Yule jirani wa jamvini alikosea aliposema tunasoma, ila nilipokuwa nachambua ule mchele nilikumbuka orodha ile, ndiyo maana sikumjibu.

Jina la Hajati nikalirudisha kwenye ruhusa siku ileile, akafanya kazi. Nikadhani yamekwisha. Baada ya wiki mbili kompyuta yake ikafa, nikampa nyingine, na folda ikagoma kuhamia. Ruhusa kamili anazo, na bado inagoma. Nusu siku nilizunguka, nikabadilisha waya, nikamlaumu mtu wa mtandao bure, mpaka nikafungua kumbukumbu za kompyuta nikakuta kosa namba 502, linalalamikia mmiliki. Kumbe kile kisanduku kikiwa na tiki, Windows haitazami ruhusa tu, inatazama pia folda ni ya nani. Ilikuta ni ya maadmini, kwa sababu Jumamosi ile nilijiandika na sikujifuta. Amri ya mstari mmoja, icacls ya kubadili mmiliki, ikamrudishia Hajati umiliki wake, na alipotoka na kuingia tena kila kitu kikakaa sawa. Ruhusa na umiliki ni vitu viwili. Nimefanya kazi hii miaka mingi na nilikuwa nikivitaja kama kimoja.

Linaloniuma zaidi ni kwamba nyundo haikuhitajika kabisa. Bakapu yetu, yaani nakala ya akiba, ilikuwa ikizinakili folda zote sabini kila usiku, zikiwemo nisizoweza kuzifungua, kwa kuwa anayefanya bakapu ana haki yake maalumu ya kusoma bila kuangalia kufuli. Admini naye anayo haki hiyo, ila haitumiki anapobonyeza kwa kipanya. Programu ya robocopy, iliyomo ndani ya Windows, ukiiendesha kwa mamlaka ya admini na kuiambia inakili kwa njia ya bakapu, ingenitolea faili lile moja na kuliweka pembeni bila kugusa mmiliki wala ruhusa. Hajati angerudi akakuta chumba chake kama alivyokiacha.

Sasa tumepanga upya. Tiki nimeitoa kwenye sera, ila kuitoa hakubadilishi folda zilizokwisha kuzaliwa, hilo wengi hawalijui. Kwa hizo za zamani niliipa seva kazi ijiendeshe usiku kwa jina la mfumo wenyewe, kwa sababu mfumo ndio pekee uliokuwa bado umeandikwa ndani ya kila folda, iongeze kundi moja dogo la wasimamizi bila kumwondoa mtu na bila kugusa umiliki. Nilijaribu kwanza kwenye folda yangu, kisha ya kijana wa fildi, kisha zote. Asubuhi nikafungua orodha, roho ikaniruka: folda sabini zote zinaitwa "Documents"! Nilidhani nimeyafuta majina ya watu. Kumbe ndani ya kila folda kuna kifaili kilichofichwa, desktop.ini, kinachoiambia kompyuta iionyeshe folda kwa jina hilo, na zamani sikuwa na ruhusa ya kukisoma. Majina ya kweli yalikuwepo, ukiyatafuta kwa amri ya dir unayaona.

Upande wa mashine umekaa vizuri, Mhariri. Kilichonifanya nikuandikie ni upande wa watu. Leo naweza kufungua folda ya mtumishi yeyote, kwa hiyo leo ndiyo jirani yangu ana haki ya kuuliza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo bila idhini, na tangu Mei 2023 inatumika pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayoibebesha ofisi jukumu la kulinda taarifa za watu inazozishika. Ofisi ngapi hapa Tanga zimemwandikia admini wao lini aingie, kwa ombi la nani, na nani ajulishwe? Yetu haikuwa na maandishi hayo. Nilipoomba, niliulizwa kama kuna mtu simwamini.

Tukakubaliana hatimaye. Kundi lina watu wawili. Anayetaka folda ya mtu ifunguliwe anajaza fomu: faili gani, kwa kazi gani, na mwenye folda anajulishwa, akipatikana kabla, asipopatikana akirudi. Seva inaandika kila ufunguzi. Fomu ya makabidhiano ya likizo imeongezwa mstari unaouliza ni faili gani la ofisi liko kwenye folda yako binafsi. Mstari huo aliuandika Hajati mwenyewe, kwa mkono wake, nami nikauchapa.

Na yule mkuu wa idara? Alitaka folda ya kijana wake aliye likizo, yote, akakataa hata kusema anatafuta nini. Sikushindwa kuifungua, nilimwomba fomu. Iko mezani kwangu tangu Jumatatu, jina la faili halijajazwa.

Wako,
Mama Seva,
Makorora, Tanga.