Mbona mabegi yenu madogo hivi? Jibu letu kwa wateja

Karibu kila wiki kuna mteja anasimama hapa dukani, analigeuzageuza begi letu la mgongoni la lita 20 alafu anauliza, hivi hili ni la safari au la mtoto wa shule? Ni la safari jamani, tena ndo begi tunalolishona kwa moyo wote, na leo acha tueleze kwa nini.

Shida ya begi kubwa inaanzia stendi. Ukitokea pale Magufuli, Mbezi, na libegi lako wapiga debe wanakuona toka mbali, huyu anashika mkanda yule anavuta mkono, alafu likishaingia kwenye buti la basi huna habari nalo tena mpaka ufike Mbeya au Mwanza, juu limebebeshwa gunia, pembeni kuna ndoo ya dagaa, na kila basi likisimama kushusha mtu unachungulia dirishani kuhakikisha sio lako linaloondoka. Kibegi cha lita 20 unakipakata. Kwenye bodaboda kinabaki mgongoni, kwenye daladala konda hana cha kukudai, na ukishuka boti Zanzibar unapita zako bila kusubiri mzigo. Ndege nako hivyo hivyo, zile ndogo za kwenda Serengeti kawaida zinakupa kilo 15 tu na zinataka begi laini, na pawabenki yako lazima iwe kwenye begi la mkononi, sio kwenye mzigo unaoenda chini.

Sasa watu wanasema nguo hazitoshi. Tukiangalia walichopanga, mara nyingi kinachojaza begi ni jinzi. Jinzi moja inazidi nusu kilo, na ukiifua Tanga kipindi cha masika inaweza ikamaliza siku nzima haijakauka, ndo maana mtu anabeba tatu. Vaa suruali moja nyepesi, beba nyingine ya kubadilisha, tisheti tatu, nguo za ndani, kipande cha sabuni. Usiku unafua, unakamua, unaviringisha ndani ya kanga unakanyaga kanyaga maji yatoke, unaanika karibu na feni, asubuhi unavaa. Na kanga yenyewe msiidharau, dada zetu wanajua, ni taulo, ni shuka, ni ya kujifunika kwenye basi la AC, ikikunjwa inakaa kiganjani. Kaka zetu bebeni kikoi.

Kwa nguo mbichi tunakupa kimfuko cha kitambaa cha nailoni cha kufunga kwa kamba, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019 na bado kuna wageni wanatua nayo uwanja wa ndege.

Kuhusu ushonaji, angalia pale mkanda unapoungana na begi, juu na chini. Mabegi mengi yanaanza kufa hapo hapo, kwa sababu yamepigwa mstari mmoja tu wa uzi. Sisi tunashona boksi lenye msalaba katikati kwa uzi wa nailoni, alafu ndani tunaweka kipande kingine cha kitambaa ili uzito usivute sehemu moja. Turubai nzito (kile kitambaa cha kanvasi) tuliacha kutumia, ni imara kweli ila likiloa linanywa maji na begi linakuwa zito kabla hujaweka kitu.

Ila kama unasafiri na mtoto mchanga, au unaenda harusini na suti, au unafuata mzigo Kariakoo, hili halikufai na tutakwambia usinunue. Wengine wote njooni na nguo zenu za safari tuzipange hapa hapa mezani, zisipoingia hudaiwi chochote. Na kama una begi la zamani mikanda imechoka, lilete tulishone upya, hata kama hukununua kwetu.