Yah: Mawe ya tochi ya Japani yana mwenyewe

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kila nikisoma watu wanasifia usafi wa Japani nacheka peke yangu, maana wanaongea kama vile Mjapani anatoka tumboni anajua taka ipi inaenda wapi. Mi niko huku mwaka wa sita, tena sio Tokyo, ni kijijini milimani mkoa wa Tokushima, majirani karibu wote wazee, na nawaambia usafi huu ni kazi na inachosha.

Chukua betri tu. Kwetu tulikuwa tunaita mawe ya tochi, yakiisha nguvu tunayaanika juani tupate taarifa ya habari ya saa mbili, yakifa kabisa tunayapasua tuchukue ule weusi wa kupaka ubao wa shule, mabaki migombani. Basi nilivyofika huku nikatia betri nne za rimoti kwenye mfuko wa taka za kawaida, nikajiona nimemaliza. Jioni nakuta mfuko wangu umebaki peke yake kwenye kituo cha kukusanyia taka, umepigwa stika, na mifuko yenyewe inaonyesha ndani kwa hiyo kijiji kizima kimeshaona. Aibu niliyoipata! Bibi jirani akaja wala hakusema neno, akafungua palepale akazitoa moja moja akanipa mkononi, halafu akanivuta mpaka kwake kunionyesha kalenda ya taka iliyobandikwa kwenye friji.

Kumbe betri sio kitu kimoja. Za tochi zina siku yake, kwetu ni mara chache tu kwa mwaka, ukiikosa unazikalia. Vile vidogo kama kifungo cha shati, vya saa na vya mashine ya masikio, vinarudishwa dukani kwenye kopo lake kwa sababu ya zebaki. Za kuchaji nazo zina boksi lake kwenye maduka ya vifaa vya umeme, na unaziba ncha kwa tepu kwanza, maana ncha ikigusa chuma inapata moto. Sio hadithi, malori ya taka huku yanaungua kwa ajili ya betri za lithiamu watu walizoficha kwenye mifuko, lori linabana taka, betri inapasuka, moshi.

Na huo woga wa zebaki wameulipia. Kwenye mji wa Minamata, kusini mwa Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, ugonjwa ukatambuliwa rasmi 1956, wengine walizaliwa nao. Ndo maana hata sasa, wakati betri za kawaida za viwanda vyao hazina zebaki tangu 1992, miji mingi bado inazikusanya pembeni na kuzisafirisha mpaka Itomuka kule Hokkaido, kisiwa cha kaskazini kabisa, mahali palipokuwa mgodi wa zebaki. Mlima ulioitoa ndo huohuo unaopokea.

Sasa kinachoniudhi. Huo utaratibu umepangwa na mtu mwenye gari. Hapa mkoani kuna mji mdogo wa Kamikatsu unaosifiwa dunia nzima, wanachambua taka aina zaidi ya 40 na watu wanapeleka zao wenyewe, nilienda kuangalia, kwenye kila chombo wameandika kitu kinaenda wapi na kinagharimu kiasi gani, unaelewa kwa nini unahangaika. Kijijini kwetu karatasi inasema tu peleka mjini, na basi ni mara mbili kwa siku, bibi ana miaka themanini na kitu na mgongo umepinda.

Mimi mwenyewe pawabenki yangu ilivimba kama andazi. Nikaipeleka dukani, wakasema iliyovimba hatupokei. Nikaenda ofisi ya mji, wakasema uliza waliotengeneza, na waliotengeneza hata jina sijaweza kulisoma. Nimeizika kwenye kopo la mchanga nje, mbali na nyumba, huu mwezi wa tatu.

Ninachowaomba wakubwa wa huku, na anayefikiria kuiga huu mfano popote, boksi liwafuate watu, liwekwe hata posta au kwa daktari ambako wazee wanaenda kila wiki. Kwa sasa boksi ni mimi. Bibi aliwaambia wenzake nina gari, Jumamosi hii nimebeba makopo matano ya biskuti, kila betri imezibwa tepu vizuri kama dawa ya mtoto, na moja limefungwa kwa utepe na machungwa mawili juu yake ya kunishukuru.

Msomaji wenu, Tokushima, Japani