Simu ni yangu, benki isinichagulie mfumo wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe lalamiko dhidi ya mabenki yetu, na safari hii si kwa sababu ya makato wala foleni, bali kwa sababu ya simu yangu. Huu ni mwezi wa tatu programu ya benki ninayoitumia kwa zaidi ya miaka kumi inakataa kufunguka, ikidai kwamba kifaa changu si salama, ilhali kifaa hicho nimekibadilisha mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha simu, kwa makusudi ili kiwe salama zaidi kuliko kile ambacho benki hiyohiyo ilikuwa ikikipokea bila swali.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama hapa Morogoro. Ndani ya simu yangu zimo namba za wanachama 42, picha za vitambulisho vyao vya taifa walizonitumia tulipokuwa tunasajili kikundi, na daftari la nani anadaiwa kiasi gani. Mwaka jana mwenzetu mmoja alikopa shilingi 80,000 kwenye programu ya mikopo ya mtandaoni, ile mikopo ambayo mitaani imepewa jina la kausha damu. Alipochelewa siku nne tu, karibu kila mtu aliyekuwa kwenye orodha ya simu yake, akiwamo imamu wa msikiti wa mtaani kwao na mwalimu wa mwanawe, alipokea ujumbe unaomwita tapeli. Wa kwangu uliingia saa kumi na moja alfajiri. Sisi hatukuwa wadhamini wake na hatukuwahi kuipa kampuni ile namba zetu. Namba zilichukuliwa siku alipobonyeza neno “ruhusu” ili aupate mkopo wenyewe.

Jambo hili si geni kwa wasomaji wako. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliorodhesha majukwaa na programu tumizi 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni, na kwa jirani zetu wa Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi milioni 2.975 za huko kwa kutumia majina na namba za watu kuwatisha. Hatua hizo ninazipongeza. Lakini faini huja baada ya imamu kuwa ameshausoma ujumbe, nami nilitaka kujua kama inawezekana mlango ufungwe kabla mwizi hajaingia, tena ufungwe na mwenye nyumba mwenyewe.

Mpwa wangu, ambaye ni fundi wa kompyuta, ndiye aliyenieleza kwamba inawezekana. Android, mfumo ulio katika simu nyingi tunazotumia, kimsingi ni programu huria, na msimbo wake wa msingi, yaani maandishi ya kifundi yanayouunda, unaweza kuchukuliwa na yeyote, ukarekebishwa na kutumiwa. Kinachotufikia dukani ni msimbo huo ukiwa umekwishajazwa programu za Google na za kiwanda kilichotengeneza simu, nyingi zikiwa na madaraka ambayo mnunuzi hakuulizwa na hawezi kuyafuta. Mwaka 2021 watafiti wa Trinity College Dublin na Chuo Kikuu cha Edinburgh walizipima simu za Samsung, Xiaomi, Huawei na Realme pamoja na mifumo mbadala miwili, LineageOS na /e/OS. Waligundua kwamba simu hata ikiwa imelala mezani, na mwenyewe amekataa kila alichoweza kukikataa, bado ilituma taarifa nyingi kwa mtengenezaji wa mfumo na kwa makampuni mengine ambayo programu zake zilipachikwa kiwandani. Ni /e/OS peke yake, mfumo ulioanzishwa na Mfaransa Gaël Duval, uliokuwa karibu kimya. Hata LineageOS, uliorithi mwaka 2016 mfumo wa awali ulioitwa CyanogenMod, haukuwa kimya kwa sababu ulipimwa ukiwa umewekewa huduma za Google juu yake, jambo ambalo watumiaji wake wengi hulifanya.

Mimi nilichagua mfumo unaoitwa GrapheneOS, nao umejengwa juu ya msimbo huohuo wa Android, na hapo mpwa wangu alinicheka kwa haki kabisa, kwa kuwa mfumo huo uliobuniwa kumpunguzia mtu macho ya Google nilipaswa kuuweka kwenye simu ya Google yenyewe, yaani Pixel. Sababu yake ni ya kifundi tu. Pixel inamruhusu mwenye simu kufungua kufuli la kiwandani linalolinda namna simu inavyowaka, akaweka mfumo mwingine, kisha akalifunga tena kufuli hilo likiwa sasa linaulinda mfumo mpya. Simu nyingine nyingi hukubali hatua ya kwanza na kukataa ya mwisho, au hukataa zote mbili. Kufuli lisipofungwa tena, anayeiokota simu yako anaweza kuingiza kitu kingine chini ya mfumo bila wewe kujua.

Hapa niseme neno kwa wanaotaka kufuata njia hii, maana mimi nilipoteza fedha. Pixel nyingi zinazotufikia ni mtumba kutoka Marekani. Ya kwanza niliyonunua kwa muuzaji mmoja wa Kariakoo ilikuwa nzima na safi, ila kitufe cha kuruhusu kufuli kufunguliwa kilikuwa kimefifia na hakibonyezeki. Ilikuwa imeuzwa awali na kampuni ya simu ya Verizon, na simu za namna hiyo hazifunguki kamwe, hata kama zinapokea laini zetu zote. Muuzaji hakujua, au alijua akanyamaza. Mnunuzi aombe kuingia kwenye mipangilio na kukiona kitufe hicho kwa macho yake kabla hajatoa hata shilingi, na aulize pia masasisho ya usalama ya simu hiyo yataisha lini. Pixel 7a niliyoipata mara ya pili imeahidiwa masasisho hadi Mei 2028, na baada ya hapo nayo itakuwa pambo.

Kazi ya kubadilisha haikuwa ngumu kama nilivyoogopa. Ilihitaji kompyuta, waya mzuri wa USB, bando la kutosha na utulivu wa kusoma kila hatua kabla ya kubonyeza, kwa sababu kufungua kufuli kunafuta kila kilichomo ndani ya simu. Haikuwa kazi ya kumpelekea fundi wa kuflashi, yaani kubadilisha mifumo ya simu, pale kituo cha daladala, ambaye kwa heshima zote hatujui anachokiongeza anaporudisha simu.

Ninachokipata sasa ni hiki. Programu ikidai orodha yangu ya namba, ninaweza kuionyesha orodha tupu, nayo ikaamini imepewa ruhusa iliyoitaka, au nikaichagulia namba mbili ninazotaka izione. Laiti mwenzetu angekuwa na uwezo huu, imamu angelala. (Ni haki niseme kwamba iPhone nazo, tangu mfumo wao wa iOS 18 wa mwaka 2024, zinamruhusu mwenye simu kuchagua ni namba zipi programu izione.) Programu yoyote naweza kuinyima intaneti kabisa, ikiwamo ile ya kupigia mahesabu ambayo sijui ilikuwa ikienda kumwambia nani kwamba nimejumlisha michango. Duka la Google lipo nikilitaka, lakini linakaa kama programu nyingine yoyote na linaomba ruhusa kama wengine. Simu isipofunguliwa kwa saa 18 hujizima na kujiwasha yenyewe, ikarudi katika hali ambayo data zake zimefungwa kwa namba ya siri, jambo la faraja kwa mtu anayebeba vitambulisho vya watu 42 ndani ya daladala.

Sitaki msomaji adhani nimekuwa mzimu. Laini yangu imesajiliwa kwa alama za vidole kama za Watanzania wote, minara inajua nilipo, na kampuni ya simu inajua nimemtumia nani fedha na saa ngapi. Nikiingia WhatsApp, wenye WhatsApp wanajua ninayezungumza naye hata kama hawasomi tulichosema. Mfumo wa simu haugusi hayo yote. Fedha za simu hazikunisumbua hata siku moja, kwa kuwa kupiga nyota 150 nyota 00 reli ya M-Pesa hakumuulizi mtu mfumo gani anautumia. Ndiyo maana linanishangaza hili la benki.

Mhariri, benki yangu ilipokataa nilikwenda tawini, na kijana mpole wa dawati la huduma akaniambia kwamba simu yangu “imeharibiwa mfumo”, nirudishe ule wa kiwandani. Nilimwonyesha kwamba kufuli limefungwa na kwamba masasisho ya usalama ni ya mwezi huohuo. Hakuwa na la kujibu, wala simlaumu, kwani uamuzi haukufanyika tawini. Kinachofanyika ni kwamba programu ya benki inaiuliza huduma ya Google kama simu hii imeidhinishwa na Google, na huduma hiyo inajibu kweli kwamba haikuidhinishwa. Benki inalichukua jibu hilo kana kwamba swali lilikuwa kama simu ni salama. Hayo ni maswali mawili tofauti. Simu ya shangazi yangu, ambayo haijapata sasisho lolote la usalama kwa miaka mingi na ina kioo kilichopasuka pande zote, inafungua programu ileile bila kigugumizi kwa sababu ilitoka kiwandani na cheti.

Ninaelewa hofu ya benki. Zipo simu ambazo wenyewe wamezivunja ulinzi ili kila programu iweze kugusa kila kitu, na mwizi akiingia humo anasoma namba ya siri inavyoandikwa. Benki ikiikataa simu ya namna hiyo inamlinda mteja wake, nami nitaiunga mkono. Yangu haiko hivyo, na njia ya kuitofautisha ipo. Android yenyewe ina utaratibu wa chombo kilichomo ndani ya simu kuthibitisha ni mfumo gani umewaka na kama kufuli limefungwa, bila kudai mfumo huo uwe umeidhinishwa na Google, na waandaaji wa GrapheneOS wamechapisha maelekezo ya jinsi mwandaaji wa programu anavyoweza kuutumia utaratibu huo kuutambua mfumo wao. Ni kazi ambayo idara ya teknohama ya benki inaiweza.

Kama hilo ni gumu, basi wasitufungie na dirisha. Tovuti ya benki yangu inafunguka vizuri, lakini kila ninapotaka kuhamisha fedha za kikundi inadai namba ya muda inayotengenezwa na programu ileile inayokataa kufunguka. Menyu ya nyota ya benki inafanya kazi, lakini ina ukomo wa kiasi ambao mgawo wetu wa mwisho wa mwaka unauvuka mara nyingi. Kutuma namba hiyo ya muda kwa ujumbe mfupi, kama walivyokuwa wakifanya zamani, kungetosha.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tunayo Tume iliyozinduliwa Aprili 2024 kuisimamia. Ningependa Tume hiyo, pamoja na Benki Kuu, iyaulize mabenki swali moja: ni kwa msingi gani mteja wa Kitanzania analazimika kukubaliana kwanza na masharti ya kampuni ya California, ambayo si sehemu ya mkataba wake na benki, ndipo aruhusiwe kuona salio lake? Mkataba niliousaini mwaka ule nilipofungua akaunti ninao bado, na nimeusoma upya wiki hii kurasa zote. Google haimo.

Kwa sasa ile simu yangu ya zamani ninaiweka kabatini, haina laini, haina namba ya mwanachama hata mmoja. Kila tarehe ya mwisho wa mwezi ninaitoa, ninaichaji, ninafanya miamala ya kikundi kwa mtandao wa jirani, kisha ninairudisha. Sasisho lake la mwisho la usalama ni la mwaka 2020. Hiyo ndiyo simu ambayo benki inaiamini.

Wako,
Mweka hazina,
Morogoro