Nani kawaambia hatujali kura?

Mhariri,

Miaka yote nawasoma na sijawahi kuwaandikia, ila ile ripoti yenu ya uchaguzi wa madiwani hapa New York imenikera mno, pale mliposema watu wa jimbo letu la udiwani hawapigi kura kwa sababu hawajali. Nani kawaambia?

Juni 2023 nilitoka shifti ya usiku nikapitiliza mpaka kituoni, sijalala wala sijatia kitu mdomoni. Dada wa pale mezani akatafuta jina kwenye tableti, akaliona, na anwani ni yangu, halafu kwa upole akaniambia samahani, wewe hukujiandikisha na chama na leo ni mchujo wa vyama, wanachama tu ndio wanachagua wagombea wao wa Novemba. Nikapewa karatasi ya kura ya kiapo, ile inayohakikiwa baadaye kama una haki, nikajaza, baadaye ikaja barua kwamba kura yangu haikuhesabiwa. Sasa mhariri na wewe unajua fika, kati ya yale majimbo 51 ya jiji hili mengi diwani anapatikana Juni kwenye mchujo wa chama cha Democrat, Novemba wanakamilisha tu, yani mimi haki yangu ni ya siku ambayo mshindi kashajulikana, na ule utaratibu wanaousifia tangu 2021 wa kupanga wagombea mpaka watano kwa namba, unayemtaka zaidi wa kwanza, uko huko huko kwenye mchujo, Novemba haupo, na mwaka ule ulikuwa wa madiwani, hakuna rais hakuna meya, watu wakatoka wachache, nyie mkahesabu vichwa mkasema hatujali!

Na hawa wa kampeni nao. Kijana kaja kwenye korido yetu na orodha kwenye simu, kagonga mlango wa kushoto, kagonga wa mbele, wangu kaupita na mimi nimesimama pale pale na mfuko wa taka mkononi. Kumbe wanafuata wale waliopiga kura miaka ya nyuma. Mimi yangu ilikataliwa, kwa hiyo hata mlango hawanigongei.

Novemba 2025 tuliulizwa kama uchaguzi wa jiji uhamie mwaka wa uchaguzi wa rais, watu wanapotoka wengi, wengi wakakataa. Basi angalau kila Januari sisi tusio na chama tutumiwe barua ya ukurasa mmoja, maandishi makubwa, juu kabisa iandikwe ukitaka kupiga kura Juni fomu ya kujiunga na chama ifike si zaidi ya 14 Februari, na fomu yenyewe iwe humo humo na bahasha yenye stempu. Mimi hiyo tarehe nilikuja kuijua Juni.

Msomaji wenu, New York